Kopo la Shemeji

Shemeji Chibago,
kopo ulilonitumia lilifika salama
na lori la mahindi lililorudi tupu kutoka mjini.
Vidonge sitini, vya njano, vinang'aa
kama mkojo wa mtoto kwenye jua.
Uliandika kifunikoni kwa kalamu nene: YA MACHO.

Nilimeza. Kimoja asubuhi na uji wa uwele,
kimoja usiku, nikitokwa machozi upande mmoja tu,
maana jicho la kushoto halikugombana na mtu.

Hapa Kibaigwa kila mtu ni mganga wa jicho langu.
Mama Nyemo kasema ni pumba.
Fundi baiskeli kasema ni kijicho cha watu.
Mchungaji akaleta karoti tatu, zimefungwa kwa uzi.
Nikala karoti. Nikala mlenda, nikala majani ya maboga,
nikawa kama mbuzi aliyekata kamba,
na taa ya dukani bado ikinichoma kama shazia.

Siku ya ishirini na moja nikashindwa kutunga uzi.
Bi harusi wa Mlali kasimama mbele yangu, pini mabegani,
nikimtazama ni wawili,
wote ukungu.

Mvumi, basi.
Daktari, kijana mwenye kucha safi,
akanikalisha kidevu juu ya chuma, akawasha mwanga mwembamba,
akanyamaza muda wa kutosha kushona pindo zima.
Kisha: "Mama, humu ndani kunawaka.
Hii si njaa. Njaa tungeilisha."
Akanipa matone meupe ya kutikisa, kila saa,
na mengine ya kupanua mboni isije ikaganda.
Akataka na damu, amtafute aliyewasha.

Nikamtolea kopo lako.
Akalisoma pande zote, akatabasamu bila dharau:
"Lenyewe halina kosa.
Zenye kosa ni wiki tatu."

Usinune, shemeji. Najua gunia la karanga
lilikwenda wapi.
Vimebaki kumi na vinane, sikuvitupa.
Jana nimekitoboa kimoja kwa sindano,
mafuta yakachuruzika kwenye meno ya cherehani,
ile iliyokuwa ikikwaruza tangu Pasaka.
Sasa inakimbia kimya.

Na uzi nimetunga mwenyewe,
kwa jaribio la nne.