Tofu ya Bi Kuwabara

Asahikawa, Februari. Theluji imefika madirishani.
Ghorofa ya tatu, chumba kisicho na mgonjwa:
meza, skrini, na kipande cha tofu
cheupe kama shuka ambalo halijalaliwa.
Ndani yake nimepitisha tambi nene. Hiyo ndiyo neva.
Kando, mrija wa maji mekundu.
"Usiutoboe," anasema Dakta Iwakiri.
"Siku moja hautakuwa mrija."

Napaka jeli, naweka kifaa, natazama.
Kijivu juu ya kijivu.
Sindano imo humo, nimeisukuma mwenyewe,
lakini kwenye skrini haipo.
"Ncha iko wapi?"
"Hapa."
"Hapo ni kiunoni mwake. Ncha iko wapi?"
Tambi imekatika.
"Umempoozesha," anasema, na anaandika.

Kila Jumanne napita dukani kwa Bi Kuwabara,
tofu ngumu, vipande sita.
Anafunga kwa gazeti, haulizi.
Wiki ya tano anauliza: "Una watoto wangapi?"
Sina hata paka.

Vipande mia na arobaini. Najua, nilivilipia.
Mahali fulani baada ya themanini
mkono uliacha kubishana na jicho:
kiganja kikainama kiasi cha unywele
na sindano ikang'aa yote, kitako hadi ncha,
mstari wa chaki gizani.
Nikabana pumzi nisije nikaufuta.

Kisha barafu ikawa inayeyuka mchana, inaganda usiku,
na Bi Kuwabara akateleza mlangoni pa duka, ndoo mkononi.
Kifundo kimevunjika. Mapafu yake hayawezi usingizi mzito.
"Tulaze mkono tu," anasema Iwakiri,
"mwenyewe abaki macho."
Ananipa kifaa.

Chini ya kwapa, mshipa unadunda.
Mrija haukuwahi kudunda.
Neva zimejibanza pembeni kama mabaki ya sega la asali,
na hakuna aliyeniambia
kwamba ngozi ingekuwa na joto kiasi hiki.
Ncha iko wapi? Safari hii najiuliza mwenyewe.
Hapa.
Dawa ikamwagika nyeusi, ikaivisha neva pete.

Dakika ishirini. "Inua mkono, Bi."
Anautazama kama mzigo wa jirani.
"Umekufa ganzi," namwambia.
"Mkono umekufa, mdomo haujafa," anasema.
"Tofu yote ile, daktari, ulikuwa unapika nini?"

Nikaubonyeza mkono wake, taratibu, liwe ndilo jibu.
Hakuhisi.