Gumegume

Jiwe halina moto.
Nilidhani linao hadi nilipotimiza miaka kumi na tisa,
baba alipotandika karatasi nyeupe chini ya mtambo,
akaachia jogoo, ta!
kisha akanipa kioo cha kukuzia.
Punje za chuma, nyeusi, za mviringo,
ndogo kuliko mbegu ya haradali.
"Jiwe hukwangua tu, Orpha.
Kinachowaka ni chuma."

Jogoo ni kile kinyundo chenye taya mbili,
kinachouma jiwe kwa kipande cha ngozi.
Wazee wetu waliokuja Pennsylvania na Kijerumani chao
walikiita hivyohivyo,
kwa shingo yake ya mtaka ugomvi.

Januari hii, theluji ikiwa imefika dirishani,
Yost Hafer alileta mtambo wa kale
ndani ya soksi ya sufu.
Miaka mia mbili na ushei. Fundi hakuacha jina,
herufi mbili tu: I.K.
"Nataka kumi na miwili kama huu,
na usibadili hata unywele."

Nikapima. Nikamimina. Nikapiga tupa
mpaka vidole vikanuka senti.
Kamani niliipasha moto taratibu:
rangi ya majani makavu, halafu zambarau,
halafu buluu ya shingo ya njiwa.
Hapo toa! Pumzi moja zaidi
na umejitengenezea bati.

Nikafyatua mara hamsini.
Thelathini na moja, baruti ikashika.
Kumi na tisa, kimya,
kisahani kimejaa
na mimi nimekaza macho kama mtu aliyesahauliwa kituoni.
Gumegume kweli,
kwa maana zote mbili.

Titus, mpwa wangu, ambaye hawezi kunoa hata penseli,
akapiga picha kwa simu, akazipunguza mwendo.
Tukaona: jiwe linagonga bamba juu mno,
bamba linachelewa kufunguka,
cheche zinaanguka nje ya kisahani
kama wageni waliokosa mlango.

Nikaurudia ule wa kale, na taa, na kioo cha baba.
Chini ya kutu, kando ya parafujo ya bamba,
kulikuwa na duara hafifu:
tundu lililotobolewa, likazibwa,
likatobolewa tena pembeni.
I.K. alijua.
Alisogeza mara moja, haikutosha,
na labda chuma kilikuwa ghali,
labda mteja alishafunga farasi mlangoni.
Akauuza.
Kuna mtu aliingia nao msituni,
akalenga, akavuta, ukanyamaza.
Sijui mbele yake alisimama nini.

Siku tatu sikugusa kitu.
Kunakili ni kunakili nini,
mkono wa mtu, au alichokuwa anakitafuta?
Mume wangu akasema, "Anayelipa ni Hafer."
Hilo nalo ni kweli.

Siku ya nne nikasogeza tundu,
nusu ya unene wa ukucha.
Jogoo nikamwinamisha shingo, kidogo,
kama mtu anayepita mlango mfupi.
Nikalegeza kamani ndogo ya bamba.
Arobaini na nane kati ya hamsini,
na zile mbili lilikuwa jiwe, limekwisha makali.
Mlio wenyewe ulibadilika:
zamani ta, kisha fuu.
Sasa ni sauti moja.

Hafer aliugeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha,
akauweka sambamba na ule wa soksi.
"Haupishani hata unywele."
Nikasema ndiyo,
nikahesabu fedha.

Sikumwambia kwamba ndani ya kila mmoja,
pale parafujo inapofunika,
nilitoboa tundu la I.K., lile la kwanza,
nikaliziba, nikalilainisha.
Halina kazi yoyote.
Matundu kumi na mawili.
Jioni ile nilikula viazi vilivyopoa.