Mnato

Ubaoni niliandika: *mnato*,
na chini yake, kwa kipande cha chaki kilichobaki:
hali ya kimiminika kuwa kizito.
Kidato cha pili wakanakili,
isipokuwa Egidia Kikoti
aliyekuwa akibandua kurasa mbili za daftari
kwa ukucha, polepole,
kama anayebandua kigaga cha kidonda.

"Mwalimu, kizito ni gogo.
Gogo ukilitua, linakuacha."

Darasa likacheka. Nami nikacheka,
kicheko cha mtu aliyeshikwa shati kwa nyuma.

Mama yake hugema misonobari
upande wa Ihalimba, miti mia tatu kwa zamu.
Huchuna gome, hufunga mfuko chini ya jeraha,
huondoka, hurudi.
Julai, baridi ikikaza Mufindi yote,
utomvu husimama katikati ya shina
kama mgeni asiyejua mlango ni upi.
Oktoba hushuka mwembamba, unakimbia,
mfuko unajaa kabla hajamaliza safu.
Utomvu ule ule! Hilo kitabu changu hakikusema:
kwamba neno nalo husikia baridi.

Jioni huosha mikono kwa mafuta ya taa,
kisha kwa majivu,
kisha hukata tamaa, husonga ugali hivyo hivyo.
Egidia anasema ugali wa bweni hauna harufu.

Alhamisi moja alikuja kutia saini fomu.
Mkuu akamsogezea kidau cha wino.
Hakukihitaji.
Aliweka dole gumba, akaliinua,
na karatasi ikapanda nalo,
ikaning'inia hewani, ada, kanuni, mhuri na vyote.
"Samahani," akasema, "inanata."
Nikashika ncha moja, yeye akavuta huku,
hadi ikaachia kwa mlio mdogo,
na mistari ya kidole chake ikabaki pale,
ya njano, iking'aa dirishani.

Mjini wakisema fulani ananata
wana maana anaringa, hasalimii mtu.
Nimelifikiria hilo nikitembea kurudi nyumbani.
Anayeringa hashiki kitu.

Sasa ni mwezi wa tatu. Kabatini
faili la Egidia limeng'ang'ania la Luhwago,
mvulana aliyehamia Makambako,
ukiita mmoja wanakuja wawili.
Karani amelalamika. Nimemwambia ayaache.

Leo nimerudi ubaoni, nimefuta *kizito*.
Nimesimama na chaki mkononi,
wao kalamu juu, wakisubiri,
Egidia akiangalia nje, kule milimani.
Nimeandika *kushika*. Nikaongeza *na*.
Ukungu umeingia darasani kupitia kioo kilichovunjika,
na siku kama hizi
chaki haishiki.