Ukurasa wa Tisini na Moja

Nilikufa mara ya kwanza siku ya Jumanne,
kwenye foleni ya duka la vyakula nyuma ya stesheni,
mkononi fungu la bitiruti na chupa ya matango ya siki.
Moyo ulinienda mbio, vidole vikafa ganzi,
taa za dari zikavimba kama macho ya samaki,
na mimi, mkaguzi wa tiketi katika tramu za Wrocław,
mwanamke nisiyeogopa walevi wa Ijumaa usiku,
nikaketi sakafuni, nikashika mguu wa mtu nisiyemjua.

Hospitalini walinibandika nyaya kifuani.
Daktari kijana akatazama karatasi, akazuia mwayo:
“Moyo wako buheri wa afya, Bi Halszka. Nenda nyumbani.”
Niliona aibu kuliko kama angesema nakufa.

Nikafa tena Alhamisi.
Na Jumapili, kanisani, kabla ya sadaka.
Dunia ikaninywea kama sweta la sufu
lililofuliwa kwa maji ya moto:
kwanza sikuvuka daraja, kisha sikupanda tramu,
kisha duka likawa mbali, kisha ngazi,
mwisho nikabaki na jiko, dirisha na birika.

Dada yangu Bogna hana maneno matamu.
Alileta kitabu cha maktaba, jalada la buluu lililochakaa,
akakitupa mezani katikati ya makombo ya mkate.
“Soma. Au usisome. Kinarudishwa tarehe tatu.”

Nilikisoma kwa dharau.
Vuta pumzi, hesabu mpaka nne,
kama vile mimi mtoto wa chekechea!
Lakini pembeni kuna mtu aliyeandika kwa penseli,
mwandiko mdogo, ulioinama kama watu penye upepo:
Mimi pia. Kwenye lifti.
Ukurasa wa thelathini: Uongo.
Wa thelathini na mbili: Labda si uongo.
Wa sitini: Leo ghorofa mbili.
Nikaacha kusoma kitabu, nikawa namsoma yeye.
Ukurasa wa tisini na moja: Kesho nitajaribu
bila nukta.
Baada ya hapo, pembe nyeupe hadi jalada.

Usiku ule sikulala.
Alikwama? Alishindwa?
Au alipona tu, akaisahau penseli kwa jirani?

Nikafungua tisini na mbili peke yangu.
Palikuwa na sentensi moja, sitaisema ilivyoandikwa,
maana niliielewa kwa lugha ya kazi yangu:
mkaguzi akipanda, anayekimbia ndiye anayefukuzwa.
Miaka kumi na tisa. Najua.
Aliyetulia, akafungua pochi yake taratibu,
hata kama tiketi imekunjika, hata kama jasho linamtoka,
namtazama, nageuka, nashuka kituo kinachofuata.
Sijawahi kulala ndani ya tramu ya mtu.

Basi nikapanda. Februari, theluji chafu.
Daraja likaja, chini yake Odra, rangi ya chuma.
Nayo ikapanda. Niliitambua kwa hatua zake:
vidole, koo, taa kuvimba.
Sikuipiga, sikuibembeleza.
Nikaionyesha tiketi:
tazama, ni mimi, nimelipa.
Ikatazama muda mrefu.
Mrefu, sitadanganya.
Nilishuka kituo kimoja kabla ya nilichokusudia,
miguu maji, nikatapika kando ya kibanda cha magazeti.
Lakini ng'ambo.
Nilitapika ng'ambo ya mto.

Kitabu kilichelewa wiki tisa, nikalipa faini kwa sarafu.
Bado nakufa, mara mojamoja, bila haraka,
juzi nilikufa huku namenya viazi, nikaendelea kumenya.
Mkutubi aliuliza kama kuna maandishi ya penseli,
maana ni lazima yafutwe.
Nikasema sikuona.
Ile nukta sikuiweka. Si yangu.
Ila ukurasa unaofuata, pembeni, herufi kubwa za mkaguzi:
Tramu. Ng'ambo. Nimetapika. Wewe je?