Deni la Mafuta ya Taa

Kanisa la babu linauzwa.
Mnunuzi ni mtu wa mazulia kutoka Swansea;
amepima sakafu kwa hatua zake, amegonga ukuta,
ameuliza kama paa linavuja.
Linavuja. Lilivuja hata enzi zile.
Mvua ya Wales haijui siku ya ibada.

Nilipanda mimbarani kufuta vumbi
nikakuta, kwenye ubao wa mbele, kibonyeo.
Ngumi yangu haikuenea.
Hapo ndipo Tegid Probert alipokuwa akigonga
kila alipofika kwenye neno "leo":
si kesho, enyi wachimba makaa, leo,
kwani huko chini mnakoshuka alfajiri
nani amewaahidi jioni?

Walilia. Watu wazima, shingo kama nguzo za mgodi,
walilia mpaka masizi yakachora mifereji mashavuni.
Wakatoka usiku uleule, na mvua yao,
wakaenda kugonga kwa Lowri mwenye duka
ambaye alikwisha vaa kofia ya kulalia.
Hawakuja kununua. Walikuja kulipa.
Huyu sukari ya mwaka juzi,
yule buti za marehemu nduguye,
mwingine kipande cha jibini alichokitia kwapani
akiwa na miaka kumi na miwili,
ambacho hakikuandikwa popote
ila ndani yake.

Haya nimelishwa tangu utotoni.
Ya nyumbani hayakusimuliwa.
Bibi Morfudd alifua nguo za watu
mikono ikachubuka kwa magadi,
mumewe akiwasha moto bonde kwa bonde,
Jumatatu huku, Alhamisi kule,
akirudi koo limekauka, ananong'ona tu.
Baba yangu alikua akidhani
baba yake hana sauti.
Siku alipomsikia akihubiri, ana miaka saba,
alivuta sketi ya mama yake:
Yule ni nani?

Juzi nilikwenda kwa Heulwen, binti wa Lowri.
Miaka themanini na mitatu,
macho yameingia ukungu, ulimi bado wembe.
Akanituma kabatini, nyuma ya mablanketi.
Daftari. Bado linanuka samaki wa chumvi.
Fungua, akasema, mwaka ule.

Jina, deni, mstari. Jina, deni, mstari.
Kurasa nzima zimefutwa hivyo.
Mahali pengine wino umetapakaa;
Heulwen anasema ni machozi,
mimi nadhani ni mvua, tukaachia hapo.
Kisha, chini kabisa, jina moja lisilo mstari:
"Probert, mhubiri. Mafuta ya taa.
Shilingi nne na peni mbili."

Nilicheka. Kisha nikanyamaza.
Ndiyo taa aliyosomea, bila shaka,
usiku, Morfudd amelala na vidole vyake vinavyouma,
ndiyo iliyompa la kusema
lililowafanya wenzake walipe.

"Hakuwahi kulipa?"
"Alikuwa na haraka. Waliopotea walikuwa wengi."
"Na mama yako?"
"Mama hakumdai.
Wala hakumfutia."

Nilitoa pochi, kama mjinga.
Shilingi zile hazipo tena hata benki.
Heulwen alisikia zipu, akasema
rudisha, mtoto, usinitukanie mama.

Leo asubuhi nikaazima msumeno.
Mtu wa mazulia alitazama, hakuuliza;
mimbari haimo katika hesabu zake.
Nilikata ule ubao, upana wa sahani,
nikaufunga kwa gazeti, nikampelekea.

Akaupapasa pembeni, akakiona kile kishimo kwa vidole,
akakunja mkono wake wa kikongwe, akauweka humo.
Ukaenea barabara.
Alikaa hivyo muda, uso umeelekea dirishani.

"Kumbe ilikuwa ndogo hivi," akasema.

Nje ilianza kunyesha.
Nikakumbuka sijamwonyesha yule bwana
mahali tulipokuwa tukiweka ndoo.