Tundu la Kumi na Saba

Mlango wa kabati la marehemu mama
baba ameulaza mezani, ameutoboa.
Juu yake amechora reli kwa rangi ya kucha:
Mbalizi, Iyunga, Igurusi, Chimala.
Pale njia zinapoachana
ndipo swichi inapokaa.

Julai hii ya Mbeya imemkaza vidole.
Risasi anayeyusha yeye, waya nashika mimi.
"Mweusi ndio wa kurudi," ananiambia.
"Umeme usipouonyesha njia ya kurudi,
hata kutoka hautoki."

Mama Tusekile amechungulia dirishani:
"Mzee Ambilikile, michezo ya watoto?"
Baba hakuinua kichwa.
Miaka thelathini na mmoja
aliwawashia taa watu wengine wapite.
Yeye Kapiri hakufika.

Kila waya una jina lake kwenye kipande cha plasta.
Nimehesabu: swichi kumi na sita,
matundu kumi na saba.
"Hili umelitoboa la nini?"
"Hilo sikulitoboa mimi."

Nikainama.
Ni tundu la ufunguo,
ule aliokuwa akiufunga pembeni mwa khanga
hata sukari tuiombe kwa adabu.

Umeme wa nyumba umekatika tangu saa kumi.
Tumeunga betri ya pikipiki.
Nimebonyeza Iyunga;
kibehewa cha kopo la dagaa kikatikisika,
kisha kikaondoka
kinyumenyume.

Nikachukua koleo nigeuze nyaya.
"Acha kwanza," baba akasema,
kidole chake juu ya lile tundu.
"Acha kifike."