Kisogo Changu

Alhamisi, saa kumi jioni, Dundee, giza limeshaingia.
Mvua inachapa paa la ukumbi wa michezo.
Catriona amefunga mlango,
ameweka kompyuta juu ya kasha la kurukia.
"Uko tayari, Shaali?"
"Niko tayari," nadanganya.

Tuliafikiana: anitazame, nami nimtazame,
bila mkaguzi, bila alama, bila mkuu wa shule.
Penseli yake, karatasi yake,
na somo langu la Jumanne, mpira wa kikapu.

Kinachotangulia kwenye skrini ni kisogo.
Miaka kumi na tisa nafundisha watu kuruka
na sijawahi kukiona: kina upara, duara dogo kama sarafu.
Nyani haoni kundule, waliniambia utotoni.
Nikacheka. Nilidhani wanasema nyani.

Catriona anachora vijiti.
Kila nisemapo "haraka", kijiti.
Vinne, mkato. Vinne, mkato.
Karatasi imekuwa ua wa makuti.
"Arobaini na moja."
"Na 'vizuri' je?"
"Sita. Zote za Struan."
Struan, ambaye hata nikinyamaza atafunga.

Halafu kona ya kushoto, nilikoipa mgongo,
Wiktoria anainama kufunga kamba za viatu.
Dakika ya nne.
Ya kumi na moja.
Ya kumi na tisa, tena.
Catriona anasimamisha picha, anaivuta karibu:
kamba zimefungwa,
zimefungwa tangu kwao, fundo juu ya fundo.

Kwenye ripoti yake niliandika: hana bidii.
Bidii!
Kuukwepa mpira dakika hamsini
na mwalimu asijue,
hiyo ni pumzi ya nani?

"Wiki ijayo zamu yangu," anasema Catriona
akikunja karatasi ndogo, ndogo zaidi.
"Usinihurumie."
Naona sikio lake limewiva.

Jumanne nimetia firimbi mfukoni.
Nimesimama konani, mgongo ukutani,
kisogo nimekipa matofali.
Wiktoria akainama.
Nami nikainama, nikafungua kamba yangu, nikaifunga.
Hatukusemezana.
Mpira ukaja ukibiringika, ukatua kati yetu,
ukumbi mzima ukipiga kelele.

Kamera ilikuwa inawaka.
Catriona akifika hapo
sijui penseli itachora nini.